Jua kwanza wimbo unakolea wapi

Swali la wiki liliuliza: DJ wa kweli hutambulika kwa ufundi wa kuchanganya au kwa kuzijua nyimbo? Mimi napiga muziki kwenye harusi na sendofu upande wa Temeke, Dar es Salaam, na jibu langu ni la pili. Kuchanganya kunafundishika. Siku hizi programu zina kitufe cha kulinganisha mapigo. Unabonyeza, nyimbo mbili zinakwenda sawa. Ila kitufe hicho hakikwambii rumba ikatwe wapi.

Tuanze na hiyo rumba, maana ndiyo inayowaumbua vijana wengi. Rumba ya Kongo, na hata dansi letu la bendi za kina Msondo na Sikinde, huanza polepole, mwimbaji anasimulia kisa chake. Kisha magitaa yanabadilika, mwendo unapanda, sebene inaingia. Chemko, kama wanavyosema wenyewe. Mzee aliyekaa meza ya nyuma na suti yake ya enzi za Mwinyi anaisubiri hiyo sebene. Sasa DJ aliyezoea bongo fleva za dakika tatu anaona wimbo umekuwa mrefu. Nimemwona mzee keshafunga kifungo cha koti, keshamnyooshea mkewe mkono, mara tumehamia Nigeria. Akarudi kukaa, hakunyanyuka tena mpaka chakula. Kama muda ni mdogo, kata mwanzo, usikate mwisho: weka alama pale ubeti wa mwisho unapomalizikia, anzia hapo.

Taarab ina sheria nyingine kabisa. Huko watu wanasubiri neno. Kuna ubeti ambao mama fulani anaamini umetungwa kwa ajili ya jirani yake, na ukifika, anainuka na noti mkononi, anakatiza ukumbi kwa madaha, kidole juu, akihakikisha mlengwa ameona. Mwimbaji hayupo, ni spika tu, lakini noti ina pa kwenda: anatunzwa bibi harusi au mama yake. Ukiingiza wimbo mwingine mama akiwa katikati ya safari hiyo, umemwaibisha mbele ya mbaya wake. Usiguse kitu mpaka arudi kwenye kiti. Ukishika chochote, iwe besi, uishushe kidogo, kwa sababu taarab ya kisasa ina besi nzito na spika nyingi za kukodi humeza maneno.

Singeli ndiyo inayoniletea ubishi na wenzangu. Wapo wanaoiogopa kwa kasi yake: mapigo 200 kwa dakika, nyingine zinakaribia 300, wakati bongo fleva nyingi zinacheza kwenye 100 na amapiano kwenye 112 hivi. Wanaona utatokaje huku ufike kule? Unazidisha kwa mbili. Amapiano ya 112 inapokelewa na singeli ya 224. Kila pigo moja la wimbo unaotoka linabeba mawili ya unaoingia, na miguu inaelewa kabla ya kichwa. Funga besi ya wimbo unaotoka ndipo ufungue ya unaoingia. Besi mbili zikikutana chini ya paa la bati, kinachosikika ni bati.

Njia tamu zaidi ni kutokea kwenye taarab. Singeli imezaliwa uswahilini, Manzese, Tandale na kwingineko, ikarithi miziki ya mtaani ya mchiriku na mnanda, na watengenezaji wake wa mwanzo walikuwa wakikata vipande vya taarab na kuvikimbiza. Mama wa taarab anakisikia kinanda chake humo ndani, ingawa kina haraka. Ni muziki ulioitwa wa wahuni, halafu mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso, ya hapa hapa Dar, na Wazungu wakaanza kuurukia. Sisi tulikuwa tunaurukia kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku, siku nyingi. Angalizo moja: ukishapanda huko, kushuka tena kwenye zouk ni kazi ngumu. Singeli naiweka mwisho, wazee wakishaaga.

Vifaa sitavichukulia nafasi kubwa. Taa nyekundu za miksa zisiwake muda wote. Sauti ikikwaruza, punguza kwenye miksa, usikimbilie kumlaumu mwenye spika. Beba flashi mbili zenye nyimbo zilezile.

Kinachosahaulika ni kukaa na MC mapema na kumuuliza, zaidi ya ratiba ya keki na shampeni, maharusi ni watu wa wapi. Upande mmoja ukiwa Wasambaa, mdumange uwepo. Wakiwa Wangoni, tafuta lizombe, Wamakonde, sindimba. Ngoma ya kwao ikilia, mashangazi ambao hawakuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote wanaingia katikati na khanga kiunoni, na MC anabaki kuwapisha. Ukiikosa, muulize shangazi mmoja kabla shughuli haijaanza, mara nyingi anayo kwenye simu, imetumwa WhatsApp. Kwenye spika kubwa itasikika nyembamba. Ongeza sauti za kati, punguza zile kali, uipige hivyo hivyo.