Tangi la Bahari: Maji Huwa Mvuke, Chumvi Hubaki

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nyali. Mwanangu alipohamia Kanada aliniachia tangi la samaki wa bahari, urefu wake futi nne, na tangi jingine dogo ndani ya kabati chini yake. Maji yote kwa jumla ni kama lita 300. Nina samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kamba wekundu wawili, konokono, na matumbawe laini machache. Maji hupungua kila siku, hasa tangu niweke feni juu ya tangi kwa sababu ya joto la kaskazi. Kwa kuwa bahari iko karibu, kijana wa nyumbani huniletea maji ya bahari kwa mtungi, nami hujazia. Sasa ni wiki mbili. Kamba mmoja amekufa na matumbawe yamejikunja. Kipimo cha chumvi kinasoma 1.031. Nataka kifaa cha kujaza maji chenyewe, maana kila mwezi huenda Voi siku nne kuwaona wajukuu. Fundi wa mabomba aniambia boya la tangi la choo latosha, aliunganishe na bomba la nyumba moja kwa moja. Je, ni sawa? Na maji yanayodondoka kwenye AC yanafaa?
Mwalimu mstaafu, Nyali, Mombasa

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na pole kwa kamba wako. Kabla ya kifaa, tuanze na ule mtungi wa maji ya bahari, kwa sababu ndio uliomuua.

Maji yanapogeuka mvuke huondoka peke yake. Chumvi haipandi nayo, yote hubaki ndani ya tangi. Maji ya bahari yetu yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo moja. Tangi lako, lenye feni, nakisia linapoteza lita nne kwa siku. Ukijazia lita nne za maji ya bahari umeongeza gramu 140 za chumvi juu ya ile iliyokuwamo. Kwa siku 14 zinakaribia kilo mbili. Ndiyo maana kipimo chako kimetoka 1.025 au 1.026, panapotakiwa, kikafika 1.031, na maji yamekuwa na chumvi ya gramu 41 na ushee kwa kilo. Kamba na matumbawe hawawezi kujikinga vizuri na hali hiyo. Samaki huvumilia zaidi, kwa hiyo kuwaona wanakula kusikutulize.

Kinachojaziwa ni maji matamu, tena safi kabisa. Maji ya bahari ni ya siku ya kubadilisha maji, unapotoa mengine kwanza. Na usiishushe chumvi hiyo leo kwa pupa. Kila siku toa lita saba za maji ya tangi, tia lita saba za maji matamu polepole, mbali na walipo wanyama, juu ya zile lita nne unazorudishia mvuke. Fanya hivyo siku saba. Hesabu yangu yaonyesha utakuwa umerudi karibu na gramu 35. Pima kila asubuhi, na ukifika 1.026 acha, hata kama siku hazijatimia.

Sasa maji yenyewe. Kisima cha mtaani usikiguse: visima vyetu vingi vya Mombasa ni vya maji ya chumvi, na hata kile unachoonja ukakiona kitamu kina chokaa tele. Kuchemsha hakuondoi madini. Maji ya mvua yanayotoka kwenye mabati hubeba zinki. Kuhusu AC, nakuelewa. Unayaona yale matone yanadondoka kwenye ndoo, meupe pe, ukafikiri Mungu amekuchujia. Lakini yametiririka juu ya mabomba ya shaba, na shaba kidogo sana, ambayo wewe na mimi hatungeihisi hata tukiyanywa, huua kamba na konokono. Nimeshawahi kuitwa nyumbani kwa watu ambako konokono wote walikuwa wameanguka chini, vinywa juu, na chanzo kilikuwa ndoo ya AC. Tafuta maji ya mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi na madini. Maduka mengi ya kuuza maji ya kunywa mjini huchuja kwa mashine hiyo, ila baadhi yao huyarudishia madini ili yapate ladha, kwa hiyo nenda na kile kipimo kidogo cha TDS, kinachoonyesha wingi wa madini yaliyoyeyuka majini, ukichovye kwenye maji yao mwenyewe. Kikisoma sifuri au karibu na sifuri, jaza mitungi yako. Kikisoma 80, nenda duka jingine.

Boya la choo, hapana, na sababu ni ileile ya shaba: mengi yana vipande vya madini hayo kwenye mkono na mdomo wa valvu, na maji ya chumvi huvila. Boya unalolitaka ni dogo, la plastiki tupu, la mpira wa robo inchi, kama yale yanayotumika kwenye mashine za maji ya kunywa. Lakini wazo la fundi wako la boya si baya. Ubaya uko kwenye kuliunganisha na bomba la nyumba. Hapo nakuomba unisikilize kwa makini.

Boya halijui kwa nini maji yameshuka. Linajua yameshuka, basi, linafungua. Mwaka wa 2013 nilikuwa natunza tangi la lita 400 kwenye nyumba moja Kizingo. Nilikuwa nimechoka kujaza mitungi, nikaweka pipa la lita 200 jikoni, juu ya meza, na mpira ukishuka hadi kwenye boya. Kwa miezi mitatu lilifanya kazi vizuri. Usiku mmoja konokono alipanda ukuta wa kioo, akafika kwenye boya, akalikalia. Ni konokono wa ukubwa wa kidole gumba tu, lakini uzito wake ulitosha kulizamisha. Valvu ikabaki wazi hadi alfajiri. Mama mwenye nyumba alinipigia simu kabla ya saa kumi na mbili, akasema amekanyaga zulia likatoa maji. Nilipofika, kama lita 120 zilikuwa zimeshuka kutoka kwenye pipa, na kipimo kilisoma 1.019. Samaki walipona. Kamba watano walikufa kabla ya adhuhuri, na tumbawe moja gumu ambalo yule mama alilikuza tangu likiwa kama sarafu ya shilingi ishirini lilibaki mifupa mieupe wiki ile ile. Kosa lilikuwa langu. Nilimlipia zulia, tumbawe sikuwa na la kumlipa.

Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninaloamua ni ukubwa wa mtungi, boya hufuata. Chukua mtungi wa lita 20. Ukimwagika wote kwa mkupuo kwenye tangi lako la lita 300, chumvi itashuka kutoka 35 hadi chini kidogo ya 33. Wanyama watahangaika, lakini wataishi. Sasa fikiria bomba la nyumba, lenye tangi la paa nyuma yake na maji ya kaunti nyuma ya tangi la paa: hakuna mwisho wake. Lita 20 kwa matumizi ya lita nne ni siku tano, na Voi unakaa siku nne. Mtungi huo unakutosha bila kuhitaji mkubwa zaidi.

Upange hivi. Mtungi ukae kwenye stuli kando ya kabati, juu kuliko boya, maji yashuke yenyewe. Kwa nyumba yako napendelea njia hii kuliko pampu, kwa sababu haitegemei stima. Kifuniko kitoboe tundu dogo la hewa, la sivyo mtungi utanywea na maji yatakwama katikati. Juu ya tundu funga kipande cha neti, maana maji matamu yaliyotulia sebuleni ndiyo anayoyatafuta mbu wa dengi. Mtungi usiwe uliowahi kubeba sabuni wala jiki.

Boya liweke kwenye chumba cha mwisho cha tangi la chini, kile chenye pampu inayorudisha maji juu. Ukitazama tangi la juu utaona maji hayashuki kamwe, kwa kuwa yanafurika kila wakati kwenye ukingo uleule. Vyumba vingine vya chini navyo vinashikiliwa na vioo vya kati. Upungufu wote hujionyesha kwenye chumba hicho kimoja. Kama upana wake ni sentimita 25 kwa 30, lita nne ni zaidi ya sentimita tano za kina, na boya litahisi hata kikombe kimoja kikipungua. Lizungushie kipande cha bomba la plastiki la inchi nne, kilichotobolewa matundu madogo chini: maji yaingie, mawimbi yatulie, konokono wabaki nje. Mara moja kwa mwezi lifungue, ulichovye kwenye siki usiku kucha. Chumvi hujikusanya kwenye mkono wa boya kama ukoko, na siku moja hukwama.

Kisha jaribu kabla ya kusafiri. Zima pampu kubwa, kama stima imepotea. Maji ya juu yatashuka na tangi la chini litajaa. Subiri yatulie, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito. Kutoka mstari huo hadi ukingoni panatakiwa pabaki nafasi ya lita 20 nzima. Tangi la chini la sentimita 75 kwa 35 linahitaji sentimita nane hivi. Ikiwa hakuna, shusha boya hadi nafasi ipatikane.

Bado kuna jambo moja linalowapata hata walioweka kila kitu sawasawa. Mtungi ukijaza wenyewe, jicho lako linaacha kuona hitilafu. Tangi la juu likivuja kwenye kona, maji ya chumvi yanatoka, boya linarudisha maji matamu, na kwa macho kila kitu kiko vilevile huku chumvi ikishuka siku baada ya siku. Kadhalika ile mashine ya povu, inayotoa uchafu majini kwa mapovu, ikifura na kumwaga. Kwa hiyo bandika karatasi kando ya mtungi, uandike kila jioni umeshuka lita ngapi. Wewe Mwalimu unajua kuweka rejista. Nne, nne, tatu na nusu, nne: salama. Ukiona saba ghafla na feni haijabadilika, piga magoti uangalie sakafu. Na chumvi uipime kila wiki, kifaa au bila kifaa.

Ukishangaa kwa nini feni inakula maji kiasi hicho, ni kwa sababu kila lita inayokuwa mvuke huondoka na joto linalolingana na theluthi mbili ya uniti moja ya stima. Lita nne ni zaidi ya uniti mbili na nusu kwa siku, zinazotoka ndani ya maji yako. Usiizime hadi kusi ipoe.

SWALI: Nilinunua kifaa cha kujazia maji kilicho tayari, sensa na pampu ndogo. Pampu inazima vizuri, taa inaonyesha imezima, lakini maji yanaendelea kutiririka mpaka ndoo iishe. Nimerudisha kimoja dukani, cha pili kinafanya vivyo hivyo. Pia, maji ya bomba hapa yanatoka baharini yakiwa yamesafishwa chumvi. Naweza kuyatumia moja kwa moja?
Msomaji, Muscat

JIBU: Dada au kaka, kifaa chako ni kizima. Ndoo yako iko juu kuliko mdomo wa mpira. Pampu ikishaujaza mpira, maji yanajivuta yenyewe, kama mtu anavyovuta petroli kwenye tangi la gari. Weka ndoo sakafuni, na mdomo wa mpira uufunge juu kuliko kimo cha maji ya ndoo iliyojaa. Usiutumbukize mdomo huo ndani ya maji ya tangi, maana hapo mkondo unaweza kugeuka, maji ya chumvi yakarudi kwenye ndoo. Kisha washa, chomoa pampu ukiwa umesimama hapo, hesabu hadi thelathini. Matone mawili matatu ni ya kawaida. Mkondo ukiendelea, pandisha mpira zaidi.

Maji ya bomba la Muscat, ingawa mengi hutoka baharini, hurudishiwa madini na kutiwa klorini kabla ya kufika kwako. Yapitishe kwenye mashine ya RO yenye kichujio cha makaa mbele yake.

SWALI: Nasikia wengine hutia chokaa kwenye ndoo ya kujazia ili matumbawe yakue. Nitumie ya dukani ya kupaka ukuta?
Msomaji, Kigamboni, Dar es Salaam

JIBU: Ya ukuta hapana, ina uchafu usioujua. Inayotumika ni ile safi ya maabara au ya chakula, kijiko kimoja cha chai kwa lita nne, iachwe itulie, unachota maji maangavu ya juu tu. Lakini maji hayo ni makali, pH yake hupita 12, na boya likikwama utaua tangi zima hata kwa mtungi mdogo. Endesha kwanza kwa maji matupu miezi miwili, uone rejista yako haina siku hata moja ya ajabu, ndipo uniandikie tena.