Zaburi 126: kwa nini "vijito vya Kusini"?

SWALI: Shalom mtumishi. Kijana wangu amezama kwenye pombe miaka sasa. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi akanipa Zaburi 126:4 niiombee, "Ee Bwana, uwarejeze watu wetu waliofungwa, kama vijito vya Kusini." Naiomba ila sielewi hivyo vijito vina nini mpaka vitajwe. Halafu kuna siku nachoka kabisa, je nikimwambia Mungu nimechoka ni dhambi?

JIBU: Shalom mama, na pole sana. Umepewa andiko zuri ila ukilisoma huku unawaza mto unaojaa maji mwaka mzima utalikosa. Kusini hapo ni Negebu, ile nchi kavu ya Beer-sheba na kushuka chini. Beer-sheba mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu, ukizidi kwenda kusini inapungua mpaka karibu hakuna, na miezi ya kiangazi ndo kabisa hainyeshi. Kwa hiyo hivyo vijito sehemu kubwa ya mwaka ni makorongo matupu, mchanga na mawe, kama umewahi kupita Dodoma kiangazi unayajua.

Sasa mvua ikipiga huko juu milimani, maji yanashuka ghafla yanajaza korongo lote, na pale yanapopita unaweza kukuta hakuna hata wingu, yaani mtu wa bondeni mvua hajaiona yeye anashtukia maji tu. Ndicho walichokiona Wayahudi. Yerusalemu ilianguka mwaka 586 KK, watu wakabebwa Babeli, halafu mwaka 538 KK Koreshi mfalme wa Uajemi, mtu ambaye hata hamjui Mungu wa Israeli, anatoa ruhusa warudi kwao. Nani alitegemea msaada utokee upande ule? Ndo maana mstari wa kwanza wanasema walikuwa kama waotao ndoto. Kwa hiyo mama usipime kazi ya Mungu kwa kuangalia korongo lilivyo leo, kijana anaweza kurudi kwa njia ambayo wewe hapo nyumbani huoni hata dalili yake.

Lakini usiishie mstari wa 4. Mstari wa 5 na 6 picha inabadilika, tunakutana na mkulima amebeba mbegu anatembea analia. Naamini analia kwa sababu mwaka wa njaa mbegu ni chakula pia, unaifukia ardhini huku watoto wanakuangalia. Maji ya korongo yanakuja kwa siku moja, mavuno yanachukua miezi, na zaburi imeziweka zote mbili pamoja bila kusema wewe utapata ipi. Wapo walioacha pombe usiku mmoja, na wapo walioacha, wakarudia, wakaacha tena. Kwa hiyo kumpeleka kijana hospitali akapate matibabu ya ulevi sio kupungukiwa imani, huko ndo kupanda kwenyewe. Na mtu akikwambia "panda mbegu" maana yake utume hela ili kijana afunguliwe, tafadhali usitume, zaburi hii haizungumzii sadaka hata kidogo na inaniuma sana inavyotumika kuwakamua wamama wenye uchungu kama wewe.

Kuhusu kuchoka. Kijito hichohicho kinachokauka kipo sehemu nyingine za Biblia na hapo hakifariji mtu. Ayubu sura ya 6 anawaambia rafiki zake wamekuwa kama kijito, misafara ya Tema ilikitegemea ikafika ikakuta pakavu. Yeremia akaenda mbali zaidi, 15:18 anamuuliza Mungu mwenyewe, je utakuwa kwangu kama kijito kidanganyacho, maji yasiyodumu? Nabii huyo, na anamwambia Mungu hivyo usoni! Mungu hakumfukuza. Mstari wa 19 anamwita arudi, anamwambia atasimama tena mbele zake, kisha wa 20 anamwahidi "mimi nipo pamoja nawe nikuokoe."

Kwa hiyo hapana mama, sio dhambi. Siku ukiwa na nguvu omba Zaburi 126, siku umechoka fungua Yeremia 15 uanzie mstari wa 15, msomee Mungu kama yalivyo na jina la kijana wako uliweke humo humo.