Injini hulemewa, haichoshwi na mzunguko tu: majibu kwa madereva wa Mombasa

Nikipanda Mazeras nabaki gia ya tano ili mshale wa mzunguko wa injini usipite 1,500 kwa dakika, injini isichoke. Nafanya sawa? (Changamwe)

Hapana, na tafadhali acha leo. Mlimani, gia kubwa na mguu umezama kwenye mafuta, kila mlipuko ndani ya silinda unaisukuma pistoni kwa nguvu nyingi huku krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) ikijivuta polepole. Beringi zake huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na kinachojenga utando huo ni mzunguko wenyewe. Mzunguko ukipungua na mzigo ukizidi, utando hukonda hadi chuma kikagusa chuma. Pampu ya oili nayo, kwa kuwa huendeshwa na injini hiyo hiyo, husukuma kidogo.

Utajua injini imelemewa gari likitetemeka, likitoa mlio mzito, na ukiongeza mafuta lisiitikie. Ukisikia kugonga kama kokoto ndani ya mkebe, ondoa mguu mara moja. Shuka hadi gia ya nne au ya tatu: injini ya petroli ya 1500cc iache izunguke 2,500 hadi 3,500, dizeli 1,800 hadi 2,500. Itapiga kelele zaidi, lakini inapumua. Wenye injini ndogo za petroli zenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) wawe waangalifu zaidi: zikilemewa, mafuta huweza kuwaka kabla ya plagi kutoa cheche, na pigo hilo huvunja ringi, hata pistoni.

Basi kufika 5,000 si vibaya? (Bamburi)

Kwa muda mfupi, injini ikiwa imepata moto na oili imejaa, si vibaya. Kila saa, ni vibaya: mzunguko ukiongezeka mara mbili, nguvu zinazovuta pistoni na koni rodi (mkono unaoiunganisha na krankishafti) huongezeka mara nne. Hatari kubwa zaidi ni kutoka gia ya tano ukitaka ya nne, mkono ukaangukia ya pili. Magurudumu ndiyo yatakayoizungusha injini, na kompyuta ya gari haiwezi kuzuia; vali zaweza kugonga pistoni.

Asubuhi nisubiri dakika kumi kabla ya kuondoka? (Kisauni)

Kwa joto letu la pwani, nusu dakika yatosha. Injini baridi huvuta petroli nyingi, na inayobaki husafisha oili kwenye kuta za silinda. Ondoka taratibu, usipite 2,500. Mshale wa joto ukifika katikati, subiri dakika tano zaidi kabla ya kukimbiza, kwa sababu mshale huo hupima maji, na oili huchelewa kupata moto.

Gari langu ni otomatiki. Nikiteremka kuja mjini, niweke frii (N) niokoe mafuta? (Mariakani)

Huokoi chochote. Gari la sindano za mafuta likiwa ndani ya gia na mguu hauko kwenye mafuta, sindano hufungwa. Ukiweka N, injini hunywa ili isizime. Tena breki zabeba mzigo wote peke yake, zinapata moto na kulegea. Zima O/D (overdrive, gia ya juu kabisa), au tumia gia ndogo, yaani S, 2 au L, kulingana na mteremko.

Foleni ya feri Likoni, nizime? (Mtongwe)

Zima ikiwa foleni haisongi kwa dakika kadhaa. Mwenye turbo aliyetoka kukimbiza gari aiache injini izunguke bure dakika moja kwanza, ili oili ipoze beringi za turbo.