Bei ya Juu, Tambi Zilizopondeka

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nilimpeleka mama yangu kwenye mkahawa mmoja wa Kitaliano hapa Tanga, tukaagiza carbonara, yaani tambi za mayai na jibini, na tambi za kamba. Tambi zilikuja zimepondeka, carbonara ikielea kwenye krimu, na kamba walikuwa watatu tu, wagumu. Tulilipa shilingi 92,000, na mhudumu akatuambia kwamba Waitaliano ndivyo wanavyokula. Je, ni kweli?
Msomaji, Raskazone

JIBU: Marahaba, na umpe mama pole zangu. Si kweli. Carbonara ya Roma huungwa kwa mayai, jibini ya pecorino itokanayo na maziwa ya kondoo, pilipili manga, na guanciale, ambayo ni nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, krimu haimo. Katika mji wenye Waislamu wengi kama wetu, mteja anastahili kuelezwa kuhusu nyama hiyo kabla hajaagiza, na hili linaniudhi kuliko hata bei.

Jibini inayoagizwa kutoka Italia ni ghali, nakubali, lakini tambi kupondeka hakutokani na gharama bali na kutoangalia sufuria, kwa kuwa Waitaliano huziepua zikiwa bado na ugumu kidogo katikati. Kamba nao huiva kwa dakika chache tu, wakizidishiwa moto hukakamaa.

Siku nyingine, rudisha sahani baada ya matonge mawili ya kwanza, umwombe msimamizi aje mezani, na usiondoke bila risiti.