Maswali na Majibu: Kujiandaa kwa Kazi ya Zimamoto na Uokoaji

Nimemaliza kidato cha nne na ninataka kujiunga na Zimamoto. Nianzie wapi? (Msomaji, Mbeya)

Kwa Tanzania Bara mwajiri ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, nalo hutangaza nafasi hadharani pale inapopatikana bajeti. Wanaochaguliwa hupelekwa depo, yaani kwenye mafunzo ya awali, na chuo cha jeshi hilo kipo Chogo, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Wakati unasubiri tangazo, shughulikia nyaraka zako, kwa sababu vijana wengi hukwama hapo kabla hawajakimbia hata hatua moja: jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na cheti cha shule linapaswa kuwa lilelile, herufi kwa herufi. Kurekebisha tofauti huchukua muda mrefu kuliko dirisha la maombi linavyobaki wazi. Wasomaji wa Unguja na Pemba wakumbuke kwamba Zanzibar ina kikosi chake cha zimamoto na uokoaji chenye utaratibu wake wa kuajiri.

Kuna mtu ameniomba shilingi laki tatu ili aniingizie jina. Nimpe? (Msomaji, Tabora)

Usimpe. Maombi hayalipiwi, na anayeomba fedha ama ni tapeli ama ni mla rushwa. Kwa vyovyote vile namba ya TAKUKURU ni 113.

Nifanye mazoezi gani? Mimi hukimbia kila asubuhi. (Msomaji, Arusha)

Kukimbia ni mwanzo mzuri, lakini hakutoshi, na sababu yake utaielewa ukikitazama kifaa cha kupumulia ambacho askari huvaa mgongoni anapoingia kwenye moshi. Mtungi wa kawaida wa lita 6, ukijazwa hadi shinikizo la bar 300 (bar ni kipimo cha shinikizo), hubeba takribani lita 1,800 za hewa. Mtu anayefanya kazi nzito akitumia lita 40 au 50 kwa dakika, hewa hiyo haizidi dakika 45, na shinikizo likishuka hadi karibu bar 55 filimbi hulia kumwonya kwamba muda wa kutoka umefika. Kwa kawaida askari huingia wawiliwawili na hutoka wawiliwawili. Kwa hiyo mwenye pumzi fupi akimaliza hewa mapema humtoa na mwenzake, hata kama mwenzake alikuwa amebakiza hatua chache kumfikia mtu aliyezirai chumbani. Ndiyo maana nathamini zaidi kijana anayepanda ngazi za ghorofa akiwa na mzigo mgongoni, kisha akatulia na kupumua taratibu, kuliko yule mwenye mbio za kusifiwa uwanjani. Mavazi ya kinga pamoja na mtungi huzidi kilo 20, hivyo zoea kubeba, kuburuta mfuko wa mchanga kwa kurudi nyuma, na kutambaa. Ndani ya moshi mzito huoni hata kiganja chako: unakwenda chini kwa chini, mkono mmoja ukiwa ukutani, na njia ya kurudi ni kuufuata mpira wa maji ulioingia nao.

Ongeza kuogelea. Ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria jirani na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliotangulia kuifikia, na mmoja wao, Majaliwa Jackson, baadaye aliingizwa katika jeshi hili. Uokoaji ni nusu ya jina la jeshi, ingawa wengi huusahau.

Nina cheti cha VETA cha umeme wa majumbani. Kitanisaidia? (Msomaji, Mwanza)

Naam, kwa kuwa jeshi huhitaji mafundi na madereva pia. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya kazi ni kukagua majengo kabla hayajaungua, na mtu anayetambua waya uliozidiwa mzigo ana faida kubwa. Usiache somo la fizikia likufie kichwani. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takribani mara 1,700, hivyo kikombe kimoja tu kikimwagwa kwenye karai la mafuta yanayowaka hurusha mafuta hayo hadi kwenye dari. Karai hilo hufunikwa kwa mfuniko, na jiko huzimwa.

Binti yangu ameipenda kazi hii, nami nauogopa moto. Hatari kubwa ni ipi? (Mama msomaji, Moshi)

Mama, wasichana wanaajiriwa na wanafanya kazi hii vizuri, na hofu yako ina msingi, ila hatari haipo kwenye miali ya moto peke yake. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la mambo yanayothibitika kusababisha saratani, na masizi yanayoganda kwenye ngozi na nguo ni sehemu ya sababu hiyo. Msisitize binti yako asivue kifaa cha kupumulia eti kwa kuwa moto umeshazimwa, kwani vifusi vinavyofuka bado hutoa sumu. Aoge mara arudipo kituoni, na mavazi ya kazi ayafue hukohuko, yasiingie nyumbani kwenu.