Gigabaiti 380 zinakatikia njiani

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Morogoro. Nina data za jeni za virusi vya batobato na michirizi ya kahawia ya muhogo, mafaili 96 ya fastq.gz, jumla gigabaiti 380, yako kwenye diski ya nje. Nimepewa akaunti kwenye klasta ya Lengau, kompyuta kubwa ya pamoja ya watafiti iliyoko Cape Town. Kila usiku napakia kwa scp, amri ya kunakili mafaili mtandaoni, alfajiri nakuta imekatika, naanza upya. Mtandao wetu ni megabiti 20 kwa sekunde, kwa hesabu yangu ilitakiwa iishe kwa saa tano na kitu. Hii ni wiki ya pili. Nakosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayokukatisha tamaa bure. Mtandao huuzwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti zako 20 ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde. Gawanya 380,000 kwa 2.5, unapata sekunde 152,000, yaani saa 42 na ushee, tena mtandao usiyumbe hata mara moja. Hakuna usiku utakaotosha. Kukatika kutatokea tu. Kazi yetu ni kuhakikisha kukikatika usirudi mwanzo.

Na scp ndiyo inayokurudisha mwanzo. Faili la gigabaiti nne likikatika limebakiza kipande kidogo, ukirudia inaliandika tangu baiti ya kwanza, na yale yaliyokwisha kufika inayatuma tena yote. Hamia rsync, amri nyingine ya kunakili mafaili. Waliiandika Andrew Tridgell na Paul Mackerras kule Australia mwaka 1996, kwa ajili ya laini nyembamba, na mpaka leo sijaona kinachomfaa mtu mwenye mtandao kama wako kuliko hiyo. Andika hivi:

until rsync -aP --timeout=120 /media/diski/muhogo/ klasta:muhogo/; do sleep 60; done

Neno «klasta» libadilishe, uweke jina lako na anwani uliyopewa. Ile P ndiyo roho ya amri nzima: inaagiza kipande kilichofika kitunzwe, na inakuonyesha asilimia zikipanda. Ukirudi, rsync inalinganisha kipande kilichoko Cape Town na faili lako, inatuma kilichopungua tu. Until inasema rudia mpaka ifaulu, ukipumzika dakika moja kila inapokatika. Ili izunguke hivyo ukiwa umelala, tengeneza ufunguo wa SSH, faili la kukuingiza kwenye klasta bila nenosiri, la sivyo itakaa inasubiri nenosiri mpaka asubuhi. Mkwaju (/) wa mwisho baada ya muhogo usiuache: ukiuondoa, utakuta upande wa pili folda ya muhogo ndani ya muhogo. Na usiongeze -z. Mafaili ya gz yamekwisha kubanwa, utaichosha kompyuta bila faida.

Laptopu ikilala, kila kitu kinalala nayo. Omba kompyuta ya mezani ya maabara, yenye waya wa mtandao na UPS, uiendeshe amri ndani ya tmux, programu inayoendelea na kazi hata dirisha likifungwa, kisha funga dirisha uende zako.

Jambo jingine, waulize wasimamizi wa klasta data zipitie wapi. Watu wengi husukuma mafaili kupitia ile seva ya kuingilia, ambayo wenzako kumi wanaitumia kuandika na kutuma kazi zao kwenye foleni, na wote wanakwama kwa sababu yako. Klasta kubwa huwa na seva maalumu ya kusafirishia data. Uliza pia eneo la skrachi, yaani hifadhi ya muda, liko wapi, na mafaili hukaa humo siku ngapi kabla ya kufutwa, maana folda yako ya nyumbani haitazibeba gigabaiti zote hizo. Kwenye amri, mahali pa muhogo/ ya mwisho, weka anwani ya eneo hilo.

Kama una mtu Dar es Salaam kwenye taasisi yenye megabiti 200, mimi ningepanda SGR na diski mkobani. Safari haifiki saa mbili, na kutuma kungeisha kwa saa nne na robo hivi.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu limenigharimu. Miaka mingi nyuma, taasisi niliyokuwa nafanya kazi ilinikabidhi data za damu ya mbuzi. Nikatuma, nikaona mafaili yote yapo upande wa pili, nikaifuta diski ili tuitumie tena. Wiki tatu baadaye mchambuzi akanipigia: mafaili mawili yamekatika katikati. Mbuzi wenyewe walikuwa wamekwisha kuuzwa mnadani. Sampuli zile hazikupatikana tena, na mwanafunzi mmoja alibadilisha mada ya tasnifu.

Kwa hiyo diski yako usiifute. Kampuni zinazosoma jeni mara nyingi huweka faili la md5, yaani orodha ya alama za kuhakiki kila faili, ndani ya diski. Anza kwa hilo (md5sum -c na jina lake), hapo hapo Morogoro, kabla hujatuma chochote, ujue diski yenyewe ni nzima. Kama halimo, ingia kwenye folda uandike md5sum *.gz > orodha.md5. Orodha hiyo itume pamoja na data, na kule andika md5sum -c orodha.md5, ukiipeleka kama kazi ya foleni. Mistari 96 itatoka, kila mmoja na OK yake.

Ukiona hata mmoja umeandikwa FAILED, usirudie amri ile ile ukadhani umemaliza. Rsync huangalia saizi na tarehe ya faili, na zikilingana hulipita. Ongeza herufi c, iwe -acP, nayo italisoma faili lote pande mbili na kulirekebisha. Kisha endesha md5sum -c tena.