Barua kwa mwanangu: kuhusu fanusi ya biskuti

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Ujumbe wako umefika na picha nimeiona. Nilimwonyesha shangazi yako wa Ndoro, akaisogeza simu mbali na macho kama kawaida yake, akasema, "Hii si taa?" Nikamwambia ni biskuti. Hajaamini mpaka leo.

Umeuliza jambo moja: vioo vya fanusi unayotaka kumtengenezea binamu yako, harusi ya Januari, uvitie pipi za dukani au ile isomalti wanayouza wenye maduka ya vifaa vya keki hapo Dar, ili visilegee. Tia isomalti. Asili yake ni sukari ya bitiruti, hainyonyi unyevu upesi kama sukari yetu, wala haikimbilii kuwa ya kahawia motoni. Ila waonye wenye watoto, kwa sababu mtoto akiila kwa wingi tumbo litamwendesha. Haya, swali lako nimelijibu.

Ambalo hukuuliza ni wapi utaiokea. Umeandika kwa kupita tu kwamba utaimaliza huko Temeke na kuipakata kwenye basi hadi Lindi. Hapo ndipo niliposoma mara ya pili.

Harusi ya baba yako mdogo unaikumbuka kwa lile gauni la njano tu, ulikuwa mdogo. Mimi naikumbuka kwa fanusi. Niliioka jikoni kwa bibi yako Rahaleo, hapa hapa Lindi, kwa mkaa, chini kidogo na juu nikapalia zaidi. Kuta nilizikata kwa vipimo vya boksi la sabuni. Pipi nilizitenga rangi kwa rangi, nikazifunga kwenye kitambaa na kuzitwanga kwa mchi, nyekundu zikatwangwa mwisho maana zinachafua wenzake. Biskuti ikikaribia kuiva unaitoa, unajaza matundu kwa ile chenga, unairudisha dakika chache tu. Chenga inalala, inang'aa, halafu vinatokea vipovu. Ukiwa na sindano iliyopitishwa motoni unavitoboa kimoja kimoja kabla kioo hakijakaza. Bibi yako alikaa kwenye kibao akinipepea moshi, akasema hajaona mtu anayetesekea biskuti namna ile, lakini ndiye aliyenishikia kuta nilipokuwa naziunga.

Sasa sikiliza. Ukumbini fanusi imewekwa kwenye meza ya maharusi, ndani tumeweka tochi ndogo, taa zikapunguzwa. Watu wakapiga vigelegele. Mshereheshaji akashika kipaza sauti akatangaza kwamba zawadi ile ya kipekee imeagizwa kutoka Dar es Salaam.

Kutoka Dar! Masika yale, mwanangu! Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003, na hiyo ilikuwa kabla yake. Tulikuwa tukivuka kwa pantoni pale Ndundu, na kutoka Ndundu mpaka Somanga mabasi yalizama kwenye tope abiria wakalala njiani. Unga wa ngano wenyewe ulikuwa unachelewa kufika Lindi. Fanusi ya sukari ingepitaje pale? Ingefika uji. Kila aliyekuwa ukumbini alijua barabara imekatika, wengine walikuwa na ndugu zao wamekwama huko huko, na bado walipiga makofi. Ni rahisi kwao kuamini biskuti imeruka juu ya Rufiji kuliko kuamini imetoka Rahaleo.

Sikusema kitu. Baba yako aliinuka aseme, nikamvuta kanzu. Harusi si mahali pa kudai. Na bado naona nilifanya sawa, ingawa kuna usiku najiuliza kwani ingemdhuru nani.

Lakini kilichoniuma zaidi si jina langu. Biskuti ni ya kuliwa. Hili nimewaambia toka mko wadogo na nitalirudia: biskuti ni ya kuliwa. Watu wangejua ni kazi ya shemeji yao, watoto wangeivunja usiku ule ule, wangegombania kioo chekundu, wangelamba vidole. Kwa kuwa "imetoka Dar", ikawa haiguswi. Ikapelekwa kwa maharusi, ikafungiwa kabatini pamoja na seti ya vikombe. Baada ya muda nilipita kuwasalimu, nikaikuta vioo vimetiririka hadi kwenye visosi na sisimizi wamejipanga. Bi harusi akaniomba radhi yeye. Yeye ana kosa gani?

Utaniambia zama zimebadilika, lami sasa ni moja kwa moja, na kweli safari hii itakuwa imetoka Dar, hakuna atakayedanganya. Hilo ndilo linalonikera na siwezi kulieleza vizuri. Wewe ni mtoto wa Lindi, mkono ni wa kwangu, halafu yule mshereheshaji wa zamani awe amesema kweli? Kwa upande mwingine, huko una oveni ya umeme yenye kipimo cha joto, na mimi naijua tofauti. Kama utachemsha sukari ya kawaida badala ya isomalti lazima ifike kama nyuzi 150, na hapa tulikuwa tunapima kwa kudondosha tone kwenye maji baridi na kulivunja; likipinda bado, likikatika tayari. Kipimo ni bora, sikatai. Na kupakata si kazi ya kichaa, ukibeba kuta zikiwa bapa, karatasi katikati, ukaziunga hapa. Unaona, nimeanza kukusaidia.

Basi haya mengine yachukue popote utakapookea. Unga wa kuta usiutie bekingi pauda, zikiumuka hazitakutana. Korosho weka kwenye biskuti za chai, mafuta yake yanalegeza ukuta. Umechora pembe sita: ukitazama vizuri kuta zitagusana kwa ncha tu, kwa hiyo aisingi ya ute wa yai iwe nzito sana na tone la ndimu, ndiyo itakayojaza mwanya. Ziunge mbili mbili, uache zikauke, ndipo uzisimamishe zote. Mchoro wako umeutoa kwenye msikiti wa Nasir al-Mulk kule Shiraz, uliokamilika 1888, sivyo? Wenzetu wa Kilwa, wanaosema asili yao ni Shirazi, watajiona wameandikiwa wao. Kule vioo vimeshikwa na fremu za mbao, si vipande vya madini ya risasi kama makanisa ya Ulaya, kwa hiyo biskuti ndiyo mbao yako. Iache na rangi yake ya kuiva, usihangaike na mistari myeusi. Ndani weka taa ya betri isiyopata moto, mshumaa utalainisha kila kitu. Na friji usiisogelee. Ikitoka tu itatoa jasho na vioo vitanata. Weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ingekuwa harusi ya wakati wa kusi nisingekuandikia hata nusu ya haya, lakini watu wanaoa wakishalipwa korosho, na Januari huku ni joto na mvua pamoja.

Uamuzi ni wako. Nimejizuia toka mwanzo wa barua na nitajizuia tena. Ila nimemwambia fundi aje aangalie mlango wa ile oveni ya gesi, haufungi vizuri, na chumba chako nimekihamisha majunia. Shangazi yako naye anasema akiona kwa macho yake ndiyo ataamini si taa.

Nijibu kabla ya mwisho wa wiki. Mwenye duka la sokoni anaagiza siagi kwa hesabu, na nikichelewa kumwambia atauzia wengine.

Mama yako